Macho ya manjano baada ya wiki mbili: upasuaji wa ini la mtoto unaanzia kwenye nepi

Ratiba ya chanjo ya Kenya humtaka mtoto arudi kliniki akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Walioipanga walikuwa wakifikiria pepopunda na kifaduro, si ini. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa ini ambao hesabu yake inaangukia papo hapo. Wiki 6 ni siku 42, wiki 10 ni siku 70, na katikati kuna siku ya 60. Hiyo ikishapita kabla mtoto hajapasuliwa, daktari wa upasuaji wa watoto huanza kuwapa wazazi matumaini kwa kipimo.

Ugonjwa wenyewe ni atrezia ya mirija ya nyongo. Hauonekani kila siku: Ulaya humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na Taiwan huwapata wengi zaidi kuliko huko. Hata hivyo ndio unaoongoza duniani kwa kuwafikisha watoto kwenye upandikizaji wa ini, na sehemu kubwa ya yale ambayo madaktari wanayajua leo kuhusu kupasua ini la mtoto waliyajifunza kwa kupambana nao. Ukiuelewa huu, mengi ya fani hii yanafunguka.

Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana. Nyongo huyeyusha mafuta ya chakula ili mwili uyapate, pamoja na vitamini A, D, E na K zinazosafiri ndani ya mafuta hayo. Pia hubeba bilirubini, taka ya manjano inayobaki chembe nyekundu za damu zinapozeeka na kufa. Inateremka kwa vijirija vinavyoungana hadi kuwa mrija mmoja, inaingia utumbo mwembamba, na huko ndiko choo hupatia rangi yake. Kwa mtoto mwenye atrezia, mirija hii huvimba, hugeuka kovu na kuziba katika wiki za mwanzo za maisha. Chanzo bado kinabishaniwa. Virusi vinashukiwa, na kinga ya mwili inayougeukia mwili wenyewe inashukiwa pia. Anayeondolewa lawama ni mama: si kitu alichokula, si kazi aliyoifanya akiwa mjamzito.

Tazama nyumba ya mabati kule Kondele, Kisumu, msimu wa masika, mfereji wa paa ukiwa umeziba kabla ya kufika kwenye tangi. Maji hayatoweki. Yanarudi nyuma, yanapenya ukutani, na ukuta unaanza kuoza. Nyongo hufanya vivyo hivyo ndani ya ini, na bila upasuaji wengi wa watoto hawa hawafikishi miaka 2.

Sista anapoomba kuona nepi

Chukua zahanati upande wa Ahero, asubuhi ya chanjo. Mtoto ananing'inia kwenye mizani, kilo nne na ushee, mashavu yamejaa. Mama mkwe ameketi kwenye benchi na leso ya kumfungia. Weupe wa macho ya mtoto si mweupe.

"Sista, namwotesha jua kila asubuhi," mama anasema. "Mama mkwe ameniambia manjano huisha yenyewe."

"Huisha, mama. Wengi humaliza ndani ya wiki mbili. Huyu wako ana wiki ngapi?"

"Sita leo."

"Basi hebu nifungulie nepi nione."

Ndani ya nepi kuna choo kilichopauka, karibu kijivu, na pembeni mkojo umeacha doa zito la manjano. Mama alidhani weupe ule ni maziwa. Dhana hiyo inaeleweka, kwa sababu mtoto ananyonya, ananenepa, analala. Hila ya ugonjwa huu ni kwamba katika miezi miwili ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima kuliko wenzake, na mtoto mnene hatangulizwi kwenye foleni yoyote.

Mkojo wa mtoto mchanga haupaswi kuwa na rangi wala kutia doa nepi. (Hapa daipa za kununua zimetuharibia mambo kidogo: zinafyonza kila kitu, doa halionekani vizuri kama kwenye kitambaa.) Choo cha mtoto anayenyonya kinafaa kuwa manjano iliyokolea, kijani au kahawia. Kikiwa cheupe, kijivu au manjano iliyofifia sana, na macho bado ni manjano baada ya siku 14, mtoto apimwe damu wiki hiyo hiyo.

Jua halisaidii hapa, na sababu yake inafaa kujulikana. Manjano ya siku za kwanza hutokea kwa kuwa ini bado changa halijaweza kuisindika bilirubini. Mwanga wa taa za wodini hubadilisha bilirubini hiyo iliyo kwenye ngozi ili mwili uweze kuitoa. Kwenye atrezia ini limekwisha fanya kazi yake. Bilirubini imesindikwa na iko tayari kutoka, ila njia imefungwa. Unaweza kumwotesha jua hadi Desemba.

Ndiyo sababu kipimo cha jumla ya bilirubini peke yake hakitoshi. Jumla inaweza kuwa ya wastani tu, isimshtue mtu, huku karibu nusu yake au zaidi ikiwa ile iliyokwisha sindikwa. Mzazi ana haki ya kuomba maabara itoe namba zote mbili, ya jumla na ya ile iliyokwisha sindikwa. Ile ya pili ikizidi mikromoli 17 kwa lita, hayo si manjano ya kusubiri. Hata kama ya kwanza iko chini, hata kama mtoto anacheka.

Kwetu magharibi kuna mengine ya kutuchanganya. Malaria huleta manjano, na seli mundu, ambayo ni nyingi ukanda wa ziwa, huleta manjano pia. Lakini hayo ni manjano ya damu inayovunjika, na choo hubaki na rangi yake. Isitoshe, seli mundu kwa kawaida haijitokezi katika wiki za kwanza, kwa kuwa damu ya mtoto bado ni ile aliyozaliwa nayo. Yapo pia manjano ya maziwa ya mama, ambayo yanaweza kuchukua wiki kadhaa bila madhara yoyote. Tofauti huonekana kwenye nepi kabla ya kuonekana kwenye mashine.

Taiwan ililitambua hilo mapema. Mwaka 2004 walianza kumpa kila mama kadi ya rangi za choo, alinganishe nyumbani na kupiga simu akiona rangi mbaya. Ndani ya mwaka mmoja, watoto waliopasuliwa kabla ya siku 60 walipanda kutoka asilimia 60 hadi 74 hivi. Kwa maoni yangu hilo ni miongoni mwa maendeleo makubwa kabisa ya upasuaji wa ini la mtoto, na halikuhitaji chochote zaidi ya karatasi yenye rangi sahihi.

Kuna hatari moja isiyongoja siku 60. Nyongo isipofika utumboni, vitamini K haifyonzwi, na bila vitamini hiyo damu haigandi. Mtoto wa manjano anayetokwa damu puani au kitovuni, au mwenye madoa ya damu chini ya ngozi, apelekwe hospitali usiku huo huo apewe vitamini K kwa sindano. Damu ikivujia kwenye ubongo, upasuaji wa ini hautarudisha kilichopotea.

Kazi ya Kasai

Mwaka 1955, mjini Sendai huko Japani, Morio Kasai alimfungua tumbo mtoto mwenye ugonjwa huu wakati ambapo vitabu vilisema hakuna la kufanya. Mahali mirija ilipopaswa kuwa palikuwa na kovu tu. Alilikata kovu hilo mlangoni kabisa mwa ini, akaweka utumbo juu yake, na nyongo ikatoka. Ndani ya kovu, kumbe, bado mna vijirija visivyoonekana kwa macho, na ukilikata kwa kina sahihi vinamwaga nyongo moja kwa moja utumboni. Alichapisha kwa Kijapani mwaka 1959. Wapasuaji wengi wa Ulaya na Marekani hawakumwamini hadi miaka ya 1970.

Leo upasuaji huo unajulikana kwa jina lake. Kwanza daktari hudunga dawa inayoonekana kwenye eksirei ndani ya mfuko wa nyongo. Ikiteremka utumboni na kupanda hadi ndani ya ini, hiyo si atrezia, na tumbo hufungwa. Isipopita, utumbo mwembamba hukatwa na ncha moja kupandishwa hadi chini ya ini, kipande cha sentimita 40 hivi, ili chakula na bakteria wake vipite mbali. Kisha hukatwa lile kovu. Ukikata juujuu, vijirija havifunguki. Ukizama mno, unaliumiza ini na kujitengenezea kovu jipya. Ustadi wote umekaa kwenye milimita hizo chache, na haujifunzwi kwa mtoto mmoja kila miaka miwili. Ndiyo maana mwaka 1999 Uingereza na Wales ziliamua upasuaji wote wa Kasai ufanyike katika vituo 3 tu, London, Birmingham na Leeds, na matokeo yakawa mazuri zaidi.

Fundisho hilo ni gumu kulikubali katika nchi ambayo kila kaunti inataka kila huduma. Lakini kwa ugonjwa adimu kama huu, heri mtoto asafiri kwenda kwa mikono iliyozoea. Kwa familia za Kakamega, Bungoma au Kisumu, rufaa kutoka hospitali ya kaunti au Jaramogi Oginga Odinga, ile watu wa Kisumu bado wanaiita Russia, mara nyingi huelekea Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi, yenye kitengo cha upasuaji wa watoto. Aliyeko Nakuru anaweza kupandisha Eldoret au kushuka njia ya Nairobi, ambako Kijabe imejenga jina kwa upasuaji wa watoto. Mtoto aandikishwe SHA, bima ya afya ya serikali, chini ya mzazi mapema, na daktari anayemtuma apige simu mbele badala ya kumkabidhi mama barua tu. Barua inaweza kulala wiki moja kwenye mkoba, na wiki moja hapa ni kitu kikubwa.

Upasuaji wa Kasai ukifanywa mapema na watu wenye uzoefu, nusu hadi theluthi mbili ya watoto hupoteza manjano. Hata hao hawajapona kabisa, kwa kuwa kovu huendelea ndani ya ini polepole, na wengi watahitaji ini jingine kabla ya kuwa watu wazima. Kinachonunuliwa ni miaka. Mtoto wa kilo 20 anayeenda kupandikizwa ini ana nafasi nzuri kuliko wa kilo 5, na wazazi wake wamepata muda wa kujipanga.

Neno moja kuhusu upasuaji wa matundu madogo kwa kamera. Kwa kidole tumbo na kwa uvimbe wa mirija ya nyongo umeleta nafuu ya kweli: maumivu kidogo, kovu dogo, siku chache wodini. Kwa Kasai, vituo kadhaa vilivyoujaribu vilikuta matokeo hafifu vikarudi kwenye kisu cha kawaida, ingawa vipo vya Asia vinavyoendelea nao na kuripoti matokeo mazuri. Kipya si lazima kiwe bora, na mzazi asisikitike akiambiwa mtoto wake atapasuliwa kwa njia ya zamani.

Baada ya Kasai kuna adui wa pili, na kwa mtu anayekaa kando ya Ziwa Victoria huyu ndiye ninayemhofia zaidi. Utumbo sasa umegusana na ini, kwa hiyo bakteria wana njia ya kupanda. Mtoto anapata homa, manjano yanarudi, choo kinapauka tena: mirija imeambukizwa. Kila shambulio la namna hiyo hula sehemu ya ini lililobaki. Huko Sendai homa ya mtoto aliyefanyiwa Kasai humpeleka hospitali moja kwa moja. Huku kwetu homa humpeleka duka la dawa kununua dawa ya malaria na panado. Malaria apimwe, bila shaka, maana anaweza kuwa nayo kweli. Lakini kipimo kikionyesha hana, au hata kikionyesha anayo, mtoto huyu anahitaji antibayotiki kwa mshipa siku hiyo. Mama aliyeandikiwa hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha kliniki hatalazimika kubishana na mtu mapokezi.

Kipande cha ini la mzazi

Jaribio la kwanza la kumpandikizia binadamu ini lilifanywa Denver, Marekani, mwaka 1963. Thomas Starzl alimpasua mtoto wa miaka 3 mwenye atrezia, na mtoto akafariki mezani kwa kutokwa damu. Mwaka 1967 Starzl huyo huyo alimpata wa kwanza aliyeishi zaidi ya mwaka, naye pia alikuwa mtoto.

Vikwazo vilikuwa viwili. Kwanza, mwili hulikataa ini la mtu mwingine. Hilo lilipunguzwa na dawa za kutuliza kinga, na ile inayotegemewa zaidi leo, takrolimasi, ilipatikana mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Pili, ini la mtu mzima haliingii kwenye tumbo la mtoto, na watoto wadogo wanaofariki na kuacha viungo ni wachache. Ufumbuzi wa hilo ulitoka kwenye ramani. Mfaransa Claude Couinaud alikuwa ameonyesha mwaka 1957 kwamba ini limegawanyika sehemu 8, kila moja na mishipa yake ya damu. Ikiwa ndivyo, sehemu inaweza kukatwa na kuishi peke yake. Brazil walijaribu na wazazi hai mwaka 1988, na Julai 1989 huko Brisbane, Australia, Russell Strong alifaulu: mama Mjapani alimpa mwanawe kipande cha ini lake.

Kipande kinachotolewa ni cha upande wa kushoto, kati ya sehemu moja ya tano na robo ya ini la mtu mzima. Ini lina tabia ambayo figo haina: lililobaki kwa mzazi hukua tena ndani ya miezi michache, na kile kipande hukua pamoja na mtoto. Kwenye vituo vikubwa, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wako hai mwaka mmoja baadaye. Mtoaji naye hana budi kuambiwa ukweli wake: hatari ya kufariki iko karibu mtu 1 kati ya 1,000, na nyumba nzima isikie kabla ya harambee kuitishwa, si baba na mama peke yao.

Harambee yenyewe, kwa familia nyingi za Kenya, huwa ni ya kwenda India. Watu huhesabu tiketi na upasuaji wakasahau mengine. Mtoaji lazima awe na kundi la damu linalolingana na ini lisilojaa mafuta, na hilo linaweza kupimwa hapa kabla ya kuuza chochote. Chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua, kwa kawaida hazitolewi baada ya kupandikizwa, kwa hiyo daktari apange kuzitanguliza pale umri unaporuhusu. Dawa ni za maisha yote, na kiwango chake kwenye damu hupimwa mara kwa mara. Uliza mapema ni maabara gani itakayofanya hivyo mkirudi Nakuru au Kisumu.

Saratani ya ini ya watoto wadogo, hepatoblastoma, nitaigusa tu. Hupewa dawa ya sisplatini kwanza ili uvimbe usinyae, ndipo ukatwe. Sisplatini huharibu masikio, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kumpa mtoto dawa nyingine, thiosulfati ya sodiamu, saa 6 baada yake kunapunguza uziwi kwa karibu nusu. Hayo ndiyo maendeleo ya siku hizi: si kuokoa uhai tu, bali mtoto arudi nyumbani akisikia anapoitwa.

Matumbo, na saa ya kwanza

Upande wa utumbo pengo linaonekana wazi zaidi. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2021, kutoka hospitali 264 katika nchi 74, ulikuta kwamba watoto waliozaliwa na kasoro za njia ya chakula hufariki asilimia 39.8 katika nchi maskini kabisa, 20.4 katika nchi za kipato cha kati, na 5.6 katika nchi tajiri. Kwa gastroskisi, ambapo mtoto huzaliwa matumbo yakiwa nje kupitia tundu kando ya kitovu, nchi tajiri hupoteza asilimia 1.4. Nchi maskini hupoteza 90.

Upasuaji wake si wa ajabu. Matumbo huwekwa ndani ya mfuko maalumu unaoning'inizwa juu ya tumbo, hurudishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha tundu hufungwa. Watoto wetu hufa kwa baridi, kwa kukauka maji na kwa maambukizi kabla hawajamwona daktari wa upasuaji, au baadaye kwa kukosa chakula cha mshipani. Jirani zetu wa Mulago, Kampala, walipotilia mkazo malezi hayo ya msingi na mifuko ya bei nafuu, vifo vilishuka kutoka asilimia 98 hadi 59. Bado ni vingi mno, lakini mteremko huo haukungoja mashine mpya.

Mkunga wa Busia au Webuye anayempokea mtoto kama huyu asimfunge pamba wala leso yenye maji, maana vitambaa vilivyolowa humfanya apoe. Amfunike matumbo kwa plastiki safi inayoonyesha ndani (mifuko ya sokoni ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini mfuko mpya wa dripu ukikatwa upande mmoja unafaa), amlaze ubavu matumbo yasijinyonge, apitishe mrija puani au mdomoni hadi tumboni kutoa hewa, aweke dripu, na ambulensi iondoke na mtoto akiwa kifuani mwa mtu au amefunikwa vizuri.

Ugonjwa wa Hirschsprung ni wa polepole zaidi. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana haina seli za neva za kuusukuma uchafu, basi choo hukwama juu yake. Zamani mtoto alipitia upasuaji mara tatu. Tangu mwaka 1998, ilipochapishwa njia ya kuvuta utumbo wenye afya kupitia sehemu ya haja, baadhi yao humaliza kwa mara moja bila tumbo kupasuliwa. Kinachochelewesha ni mtaalamu wa kusoma kipande kidogo cha utumbo chini ya darubini: asipokuwepo wa kuonyesha seli zinaanzia wapi, mpasuaji hawezi kujua akate wapi, na mtoto huwekewa tundu la choo tumboni kwa miezi.

Dalili yake ya kwanza ni mtoto kutotoa choo cheusi cha mwanzo ndani ya saa 48. Wodi nyingi za uzazi humruhusu mama baada ya saa 24, kwa hiyo aulizwe kabla ya kuondoka, na kama bado, aambiwe wazi arudi kesho yake. Akitapika kijani asingoje kesho. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga ni dharura, hata kama choo kimetoka.